Kabla ya Kukariri Maumbo Matano ya Bluzi

Anayeanza kujifunza bluzi kwenye gitaa hukabidhiwa michoro mitano mapema sana. Kila mchoro ni gridi ya nyuzi sita na freti nne au tano iliyojaa vidoti vyeusi, na yote mitano inaonyesha skeli ileile katika sehemu tofauti za shingo ya gitaa. Mwanafunzi mwenye bidii huikariri yote. Baada ya miezi michache vidole vyake vinapanda na kushuka bila kukwama, lakini siku wenzake wakimwachia nafasi ya solo, kinachosikika ni zoezi la vidole. Amekariri mitaa yote ya Kariakoo na hajui anakwenda duka gani.

Ushauri wangu ni kuiweka michoro minne kando, na kuiacha huko kwa muda mrefu kuliko utakavyopenda. Chukua mmoja. Ujue kila noti iliyomo inalia vipi juu ya kodi inayopigwa nyuma yake, yaani zile noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja na mwenye gitaa la ridhimu. Ukishalijua umbo moja kwa masikio, hayo mengine utayapata kwa wiki chache, maana noti ni zilezile.

Tuanze na skeli yenyewe. Ina noti sita tu. Ukiwa umepitia kwaya na unasoma solfa, iimbe hivi: la, do, re, mi, so, kisha la ya juu. Hizo ni tano. Ya sita imejibana katikati ya re na mi, nusu toni kutoka kila upande. Ukiihesabu la kuwa A, unapata A, C, D, E flati, E na G. Iimbe kabla hujagusa gitaa, polepole, mpaka ile noti ya katikati ikutoke bila kubahatisha. Wapiga gitaa wengi huruka hatua hii kwa kuwa wanadhani sauti yao si nzuri. Uzuri wa sauti hautakiwi hapa. Tunachokitaka ni sikio lijue noti kabla kidole hakijaifikia.

Sasa umbo. Gitaa liwe limetuniwa kwa kawaida, na nyuzi tuzihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa, ambao ni wa kwanza, hadi ule mnene, wa sita. Weka mkono kwenye freti ya 5: kidole cha shahada kitunze freti ya 5, cha kati ya 6, cha pete ya 7, na cha mwisho ya 8. Uzi wa sita unapiga freti ya 5 na ya 8. Uzi wa tano unapiga 5, 6 na 7. Wa nne, 5 na 7. Wa tatu, 5, 7 na 8. Wa pili na wa kwanza, kila mmoja 5 na 8. Hiyo ndiyo skeli ya bluzi ya A, na ndilo umbo ambalo sehemu kubwa ya solo za bluzi na roki ulizowahi kuzisikia zimetokana nalo.

Kabla hujalikimbiza, tafuta A zilizomo. Zipo tatu: uzi wa sita freti ya 5, uzi wa nne freti ya 7, na uzi wa kwanza freti ya 5. Hizo ni mizizi. Kwa siku kadhaa za mwanzo usipige kitu chochote kisichoanzia au kuishia kwenye moja ya hizo tatu. Zoezi linachosha, nakubali, lakini ndilo linalomtofautisha anayejua yuko wapi na anayezunguka. Na ukishajua mizizi, kuhama ufunguo ni jambo dogo: ukitaka G, sogeza umbo lote hadi freti ya 3, ukitaka B, freti ya 7, ukitaka C, freti ya 8. Hakuna cha kukariri upya.

Hapa ndipo ugumu halisi unapoanza kwa mpiga gitaa wa kwetu, na michoro haiwezi kumsaidia. Masikio yetu yamelelewa na dansi, rumba, benga na kwaya. Solo za muziki huo kwa kawaida hutembea na kodi zake kwa amani: kodi ikiwa ya A kubwa, gitaa la solo litapiga C shapu, noti inayoipa kodi hiyo uchangamfu wake, na mara nyingi litaipanga sambamba na noti nyingine juu yake. Skeli ya bluzi inakuambia upige C ya kawaida juu ya kodi hiyohiyo. Gitaa la ridhimu linasema C shapu, wewe unasema C. Mara ya kwanza utadhani umekosea. Wengine hurekebisha bila kujijua, wakapiga C shapu kila mara, na kinachotoka ni rumba iliyopunguzwa mwendo.

Usirekebishe. Ule ukwaruzano ndio bluzi. Ila usiuache mbichi pia. Katika umbo letu, C ipo kwenye uzi wa tatu freti ya 5, na C shapu ipo freti ya 6, jirani yake kabisa, ingawa mchoro hauionyeshi. Piga C kwa kidole cha shahada, kisha gonga freti ya 6 kwa kidole cha kati bila kupiga uzi tena, ukamalizie A kwenye uzi wa nne freti ya 7. Rudia mara nyingi. Kijipande hicho cha noti tatu kimepigwa na karibu kila mwanabluzi, na kitakufundisha kuliko kupanda na kushuka skeli nzima: uchungu unaguswa, unafunguka, unatua.

Kwa kweli noti wanayoitafuta wanabluzi si C wala C shapu. Iko kati ya hizo mbili, mahali ambapo gitaa halina freti. Muziki huu ulizaliwa na Wamarekani weusi wa kusini mwa Marekani, na uliimbwa kabla ya kuingia kwenye michoro. Sauti ya mtu haina freti, na gitaa likalazimika kuifuata. W. C. Handy, aliyechapisha "The Memphis Blues" mwaka 1912, alisimulia jinsi alivyomkuta mtu kwenye kituo cha treni cha Tutwiler, jimboni Mississippi, karibu na mwaka 1903, akicharaza gitaa huku anabonyeza nyuzi kwa kisu. Kisu kinateleza juu ya uzi na kuzipata noti zote zilizo katikati. Robert Johnson, aliyerekodi nyimbo zake zote kwa vipindi viwili tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, aliteleza kwenye nyuzi vivyo hivyo katika nyimbo kadhaa. Msomaji aliyekulia kwenye taarabu anaweza kuwa na faida hapa. Udi na fidla havina freti, na aliyezoea kuvisikiliza hashangazwi na noti inayokaa kati ya noti mbili.

Asiye na kisu huvuta uzi. Katika kujifunza bluzi, muda mwingi zaidi unastahili kutumika hapa, na ndipo wengi wanapotumia mchache. Weka kidole cha pete kwenye uzi wa tatu freti ya 7, noti ya D. Vidole vya kati na vya shahada viwe kwenye uzi huohuo nyuma yake, visaidie kusukuma. Dole gumba lipande juu ya shingo ya gitaa, halafu zungusha kifundo cha mkono kana kwamba unafungua kitasa. Nguvu itoke huko, vidole vyenyewe visijikaze. Uzi unapanda, na sauti inapanda nao. Lengo ni E, toni nzima juu. Utajuaje umefika? E hiyohiyo ipo kwenye uzi wa pili freti ya 5. Ipige kwanza, iweke masikioni, kisha uvute D mpaka zilingane. Fanya vivyo hivyo na uzi wa pili freti ya 8: ni G, nawe unaitaka A, ambayo inakusubiri kwenye uzi wa kwanza freti ya 5.

Mwanzoni hutafika. Uzi utaishia katikati, pasipo E wala E flati, na kitakachosikika ni gitaa lililolegea. Hilo ndilo kosa linalowasaliti wapiga bluzi wengi majukwaani, hata wenye mikono myepesi: wanavuta kwa nguvu na hisia zote, na noti haifiki. Kufika kwenyewe ni suala la sikio kwanza. Albert King, aliyekuwa akitumia mkono wa kushoto, alilipiga gitaa likiwa limegeuzwa, nyuzi nyembamba zikiwa juu, kwa hiyo alizivuta kuelekea chini badala ya kuzisukuma juu. Sikiliza albamu yake ya mwaka 1967, "Born Under a Bad Sign": noti chache, kila moja imevutwa hadi pale alipotaka.

Gitaa lenyewe lina neno hapa. Kama unatumia gitaa kavu, uzi wa tatu katika seti nyingi umezungushiwa waya, na kuuvuta toni nzima ni adhabu. Usijiumize. Nunua seti nyepesi zaidi uwezavyo, na kwenye uzi huo ridhika na kuvuta robo au nusu toni. Toni nzima ifanyie kwenye uzi wa pili. Kwenye gitaa la umeme tafuta seti ambayo uzi wa kwanza ni wa 9 au 10. Ncha za vidole zikianza kuuma sana, pumzika hadi kesho. Ngozi itakomaa yenyewe.

Kutoka hapo ingia kwenye kodi, maana umbo bila kodi ni mpangilio wa vidoti tu. Bluzi ya kawaida ina baa 12. Katika A, baa nne za kwanza ni A7, mbili zinazofuata D7, mbili A7, moja E7, moja D7, mbili za mwisho A7, ingawa ya mwisho kabisa wengi huigeuza E7 ili wimbo urudi mwanzo. Kama hujui kodi hizo tatu, acha skeli leo ukajifunze kodi. Kisha chukua simu yako, jirekodi ukipiga mzunguko huo kwa dakika kadhaa kwa mwendo wa taratibu, upate mtu wa kukupigia ridhimu asiyechoka.

Sasa angalia noti zilezile sita zinavyobadilika tabia. Juu ya A7, C ni chungu, kama tulivyoona. Kodi ikihamia D7, ambayo ina D, F shapu, A na C, noti hiyohiyo imo ndani ya kodi. Ghafla imetulia. Hujahamisha kidole; nyumba ndiyo imehama. Juu ya E7 mambo yanageuka tena: E ndiyo mzizi, D imo ndani, na G inakwaruzana na G shapu ya kodi. Kwa hiyo jipe zoezi hili. Zunguka baa 12 ukipiga vipande vifupi sana, noti tatu au nne, ukihakikisha kila kipande kinatua pazuri: kwenye A ikiwa kodi ni A7, kwenye C ikiwa ni D7, kwenye E ikiwa ni E7. Msikilizaji atasikia kodi zikibadilika hata ukizima rekodi. Mpiga gitaa anayeweza hilo ndani ya umbo moja ameshawapita wengi wanaojua matano.

Vipi ile E flati, noti inayofanya skeli iitwe ya bluzi? Ipo uzi wa tano freti ya 6, na uzi wa tatu freti ya 8. Pita. Itoke D ikielekea E, au itoke E ikirudi D, na usiikalie. Wanaoanza huipenda kupita kiasi kwa kuwa ndiyo yenye ladha kali, wakaimwaga kila mahali. Mara moja au mbili katika mzunguko mzima zinatosha.

Kuhusu mwendo sitakawia. Bluzi nyingi hugawa kila pigo katika vipande vitatu, na mpigaji hugusa cha kwanza na cha tatu. Aliyekulia na chakacha au ngoma nyingine za mapigo ya sita kwa nane anao tayari mwilini. Apige mguu, ahesabu moja-na-tatu, vidole vifuate. Ugumu huwapata wale waliojifunza skeli kwa metronomu tupu, noti zote zikiwa na urefu sawa. Ukiona solo yako imenyooka kama rula, punguza mwendo hadi mapigo 60 kwa dakika na uanze kuyumbisha upya.

Kisha nyamaza. Shairi la bluzi kwa kawaida lina mstari unaoimbwa, unaorudiwa, na wa tatu unaojibu, kila mmoja ukipewa baa nne. Mwimbaji hutumia kama nusu ya baa hizo, na zinazobaki ni za gitaa. Ni kuita na kuitikia, jambo lisilohitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kusimama kwenye ngoma. Tunga mstari wako kwa Kiswahili, wowote, hata wa kulalamikia bei ya unga. Uimbe, kisha gitaa lijibu kwa noti zisizozidi silabi ulizotumia. Ukiishiwa pumzi, gitaa nalo liishiwe.

B. B. King aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 60 ya kazi yake. Alikuwa akisema waziwazi kwamba hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja, wala kodi hazikuwa kazi yake. Aliimba, akanyamaza, gitaa lake aliloliita Lucille likasema. Albamu "Live at the Regal", iliyorekodiwa Chicago mwezi Novemba 1964, ndiyo ninayompa kila anayeniuliza aanzie wapi kusikiliza. Na ukitaka kumwona, zipo filamu za Kinshasa, Septemba 1974, kwenye tamasha la muziki lililopangwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Pambano liliahirishwa hadi mwishoni mwa Oktoba, muziki ukaendelea. Tazama mkono wake wa kushoto wakati anaimba: umetulia. Tazama unavyotetemesha noti moja, kiganja kikipepea huku kidole cha shahada peke yake kimeshika uzi.

Kupitia King ndiyo njia nzuri ya kulitoka umbo la kwanza. Panda hadi uzi wa pili freti ya 10. Hiyo ni A, mzizi mpya, na kidole cha shahada kikae hapo. Uzi wa kwanza una D freti ya 10 na E freti ya 12. Uzi wa pili freti ya 12 ni B, noti isiyo ya skeli yetu, lakini ukiivuta nusu toni inakuwa C, na ukiivuta toni nzima inakuwa C shapu: uchungu na utamu kwenye kidole kimoja. Uzi wa tatu freti ya 9 ni E, na freti ya 11 ni F shapu, inayopendeza mno kodi ikiwa D7. Hapo ndipo B. B. King alipojenga sehemu kubwa ya maneno yake. Kutoka umbo la kwanza unafika huko kwa kuteleza kwenye uzi wa pili, freti ya 8 hadi ya 10. Upande wa chini, ongeza uzi wa sita freti ya 3 na wa tano freti ya 3, yaani G na C, ili uwe na pa kushukia. Ukiziunganisha sehemu hizi tatu bila kusimama kufikiri, umeshatembea zaidi ya nusu ya shingo, na sasa michoro uliyoiweka kando itakuonyesha kilichobaki bila kukutisha.

Mwenye gitaa kavu afikirie pia kulishusha umbo la kwanza hadi mwanzo kabisa wa shingo, katika ufunguo wa E, ambapo kila freti ya 5 inageuka uzi mtupu. Dole gumba linagonga uzi wa sita bila kukoma huku vidole vinaimba juu. Lightnin' Hopkins wa Texas alipiga sana huko. Anayepiga gitaa kavu kwa dole gumba na shahada, kwa mtindo wa kina Mwenda Jean Bosco wa Katanga, mkono wake wa kulia utakuwa umeshaijua nusu ya kazi.

Na kama bado unaikumbuka rumba, kuna mlango. Rudisha umbo la kwanza freti tatu nyuma, lianzie freti ya 2, uache ile noti ya katikati ya re na mi. Noti zinazotoka ni A, B, C shapu, E na F shapu, tamu kama solo ya dansi, na bado uko katika A. Zitumie kodi ikiwa A7. Kodi ikihamia D7 rudi freti ya 5, kwa sababu C shapu itagombana na C ya kodi hiyo, na ugomvi huo hauna ladha. Wanabluzi wakubwa huvuka kati ya freti ya 2 na ya 5 ndani ya sentensi moja.

Tahadhari moja. Si kila bluzi ina kodi kubwa. "The Thrill Is Gone", wimbo aliourekodi B. B. King mwaka 1969 na uliompa umaarufu mpana, uko katika B ndogo. Ukipigiwa wimbo wa namna hiyo, peleka umbo freti ya 7 na usahau kabisa mchezo wa kugonga freti ya jirani kwenye uzi wa tatu, pamoja na ule mlango wa rumba. Kodi yenyewe ina ile ya chini kati ya noti mbili zinazokwaruzana, kwa hiyo skeli na kodi zinakubaliana tangu mwanzo, na kazi yako inabaki kuvuta nyuzi zifike, kutetemesha, na kuacha nafasi. Muulize mwenye gitaa la ridhimu kabla hajaanza: kubwa au ndogo?